Kikapu cha Kahawa cha Mama Immakulata

Mama, ni mwaka mmoja sasa tangu asubuhi ile jirani yako Omary alipopiga hodi kwako Kahororo, akapiga tena, na wewe ambaye hukuwahi kumwacha mtu mlangoni hukuitikia.

Miaka thelathini na moja ulikuwa afisa ustawi wa jamii, kwanza Muleba, kisha Bukoba. Wenzako walipenda kuwaita watu ofisini. Wewe ulisema ofisini kila mtu huja amevaa shati lake zuri, na maneno yake nayo yamepigwa pasi. Ulitaka kuwakuta kwao.

Siku ile ya Rubya bodaboda iliteleza mlimani, ukafika kwa Mzee Ildefons una tope mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa umekwenda kuangalia kama anatunzwa vizuri. Yeye akaagiza maji ukanawa, ukaletewa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, na alipokusindikiza akasema, "Serikali ilikuja kunitazama, mwishowe mimi ndiye niliyeitazama." Ulilicheka jambo hilo mpaka unastaafu.

Kwa Bibi Maulida, pale mjini, ulikwenda mchana wa Ramadhani, na wewe Mkatoliki wa rozari kila jioni hukugusa hata chupa yako ya maji. Hakuna aliyekuomba.

Lakini habari tuliyoisikia mara nyingi kuliko zote ni ya Vestina, mjane wa Kashozi. Ndugu wa marehemu mumewe walitaka aondoke kwenye kibanja, shamba la migomba aliloachiwa, na ulipomuuliza alijibu kwamba kila kitu ni shwari. Ulimwamini, hadi alipokukaribisha akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa kila mgeni kwetu. Kikapu kilikuwa kimejaa, na punje zina vumbi. Hapo ukajua kwamba watu wameambiwa wasiingie nyumba ile. Ukarudi kila Jumatano, na kila uliporudi ulimshika jirani mmoja mkono, mkaingia naye, mkatafuna. Ikafika mahali kikapu hakikai na kahawa, na wale ndugu wakaona haya kumfukuza mwanamke mbele ya macho yote hayo.

"Usimuulize mtu kama ana watu," ulituambia. "Atakudanganya kwa heshima. Tazama kikapu."

Ulitufundisha, na hatukujifunza. Ulipostaafu, Baba akiwa ameshatangulia, tulikupigia simu. Avit alipiga kutoka Mwanza kila Jumapili, Mwesiga kutoka Dodoma alipokumbuka, na mimi Evelyne kutoka Dar es Salaam kila jioni, nikijiona ndiye mtoto bora.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Na upweke je?"

"Upweke gani? Hapa wageni hawaishi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tukaridhika, tukakata simu. Krismasi tulisema tutakuja Pasaka. Pasaka tukasema Juni. Juni nilikuwa na semina, Mama, na leo siwezi hata kukumbuka ilihusu nini.

Siku ya msiba nyumba ilijaa. Mwesiga akachukua kikapu chako mezani awapitishie waombolezaji, kisha akasimama nacho tu. Kilikuwa kimejaa hadi juu. Punje zilikuwa na vumbi, na buibui alikuwa amevuta uzi wake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Sisi watatu hatukuweza kutazamana.

Aliyeinuka mkekani ni Vestina, mzee sasa, anatembelea fimbo. Alimpokea Mwesiga kikapu, akapuliza vumbi, akafuta ule uzi kwa pembe ya kitenge chake. Akatia punje mbili mdomoni, akampa aliyekaa jirani yake.

"Tafuneni, waitu, ndugu zetu," alisema. "Mwenye nyumba anawakaribisha."

Kisha akatuambia sisi kwa sauti ya chini, "Hata mimi nilikuwa nasema nitakuja Jumatano."

Tunaona aibu kuyaandika haya hadharani. Tumeyaandika kwa sababu tunajua ungependa yamfikie mtu ambaye jana ameambiwa kwa simu kwamba kila kitu ni shwari.

Leo baada ya Misa tumerudi wote Kahororo. Mpaka mchana huu kikapu kimejazwa mara tatu, na kila kinapoisha tunageuka kutafuta uso wako, tukuonyeshe. Tusamehe, Mama.

Unakumbukwa na wanao Evelyne, Avit na Mwesiga, mdogo wako Projesta, mkweo Damian, wajukuu zako watano, jirani yako Omary, Vestina wa Kashozi, na nyumba zote ulizoingia kwa miguu yako. Pumzika kwa amani.

Daima tutakukumbuka, Mama, na hatutasahau kwamba njia ya kuja kwako tuliijua.