Rubani Ndani ya Moshi

Zuhura, mke wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako, mke mwenzio, hajambo. Anavuna maharage na kunigombeza. Unasema mgonjwa akikutazama hapo wodini mikono inakutetemeka, na unaniuliza sisi wanajeshi tuliiondoaje hofu.

Hee! Enzi za Ujamaa nilikuwa mnarani, naongoza ndege za jeshi. Siku moja, mvua za vuli zikikaribia, wajomba zangu kule milimani walikuwa wanachoma mashamba kama kila mwaka. Moshi ukaifunika Uluguru yote, na ndani yake mlikuwa na ndege yetu. Rubani akaniita redioni: "Mnara, sioni kitu." Kwa uelekeo alionitajia, mbele yake palikuwa na mlima.

Nikamwambia, taratibu kama mtu anayeomba chumvi, "Geuka kulia. Panda. Endelea kupanda." Redio ikanyamaza. Nikamwita. Kimya. Nikazidi kumwita kwa sauti ile ile, sijui kama nazungumza na mtu au na maiti.

Mwishowe akaitika. Alipotua, alikuja mbio hadi mnarani kunipa mkono. "Kijana," akasema, "nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilipokusikia umetulia, nami nikatulia."

Alikuwa mkubwa wangu kwa cheo, ilinipasa nisimame nimpigie saluti. Sikuinuka kitini, mke wangu. Suruali ilikuwa imelowa mpaka kwenye buti.

Babu yako