Vigingi Vinne vya Shimo la Saba

Kaka, nimefanya ujinga, sijui hata nianzie wapi.

Unajua shangazi anabuni viwanja vya gofu, na kanichukua nijifunze kazi kabla sijaomba chuo; barua ya kunipendekeza ataniandikia yeye. Jana alipigilia vigingi kuonyesha udongo ukatwe wapi, pale shimo la saba. Alipoondoka tu, nikasogeza vinne. Hatua tatu tu! Niliona mkunjo wangu wa ukingo unapendeza kuliko wake. Mimi! Wiki ya pili kazini!

Leo dereva wa tingatinga kakata kwa kufuata vigingi, kama kawaida yake. Shangazi kafika, katazama, kawaka: "Mzee, umekata nini hapa? Mvua ikinyesha maji yote si yatatuama hapa hapa?"

"Mama, mimi nimefuata vigingi."

"Vigingi nimevipigilia mwenyewe! Usinitanie. Lete funguo, nenda nyumbani."

Na mimi nimesimama hapo hapo, kaka. Kimya. Mzee akaniangalia, nadhani anajua. Akatoa funguo, akampa.

Halafu shangazi ananigeukia: "Kavipime upya, mwanangu. Wewe ndiye ninayekuamini."

Ananiamini MIMI!

Siwezi, kaka. Mzee bado yuko getini na mfuko wake wa chakula, hata hajaufungua. Mimi niko mlangoni pa ofisi ya shangazi hapa kiwanjani, anaongea na simu. Akimaliza namwambia, chuo kikienda kiende.

Amekata simu. Naingia.