Kura za Waliotafuna Kahawa Yetu

Baba Felisiani,

Anayeandika ni mkwe wetu Koku, mke wa Felisiani, maana mimi shule sikuiona hata mlango. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Amekubali, ingawa bado amenuna, na sababu ya kununa kwake ndiyo habari ninayokuletea. Mwanao ameshindwa uchaguzi. Ubunge hakuupata. Nami nimo katika kushindwa kwake, kwa hiyo afadhali uisikie kwangu kuliko kwa dada zako watakapofika huko.

Sikuombi msamaha. Nakuarifu tu.

Ulipoondoka tulikuzika hapa kibanjani, nyuma ya nyumba, kwenye migomba uliyoipanda mwenyewe. Watu walijaa. Uliwakamulia lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya harusi zao na za watoto wao, wangekosaje kuja? Matanga yakaisha, nao wakaendelea kuja. Wa Kagondo, wa mjini Bukoba, wa vijiji ambavyo mimi sijawahi kufika. Anaingia mtu asubuhi, anasema, "Ma Justa, pole, nilikuwa safarini," nami namtandikia mkeka, nafungua kikapu, nampa kahawa ya kutafuna. Wewe unajua. Mgeni wa msiba akiondoka mdomo mkavu, umemfukuza.

Wakati huohuo chama kilikuwa kimepitisha majina. Felisiani alichukua fomu ukiwa bado hai, ukainuka kitandani ukamwambia, "Nenda ukawaambie walioko Dar es Salaam kwamba kahawa inalimwa na watu." Ulikohoa sana baada ya hapo, lakini ulilisema. Basi wakabaki wawili, wote wa chama kilekile, kama ilivyo kawaida. Mwanao mwalimu akapewa picha ya Nyumba, na Bartazari, yule bwana shamba aliyekuwa akitukagulia mibuni, akapewa picha ya Jembe. Felisiani alirudi uso umemshuka. Jembe kila mtu huku analo mkononi tangu alfajiri. Na ile nyumba ya kwenye karatasi ni ya bati na pembe nne, si msonge wa nyasi, wazee waliitazama wakauliza ni ya nani.

Wakazungushwa jimbo zima katika Land Rover moja, mtu na mpinzani wake, magoti yanagusana. Jukwaa moja, muda sawa, huyu akimaliza anasimama yule. Msimamizi alitoka wilayani, Mzee Sadiki, Mwislamu wa mjini, mtu wa sauti ndogo lakini hasemi mara mbili. Sheria yao ilikuwa kali: usimfuate mpiga kura nyumbani, na usimpe kitu chochote cha kutia mdomoni.

Hapo ndipo kahawa yetu ilipogeuka kesi.

Watu wa Bartazari walianza kusema kwamba kwa Ma Justa msiba hauishi, unasubiri uchaguzi. Kwamba nawafunga watu. Kwetu ukishapokea kahawa mkononi mwa mtu ukaitafuna, kumgeuka ni aibu, na hilo wao walilijua vizuri. Wakasema kila anayetoka kwangu anatoka na kura ya Nyumba tumboni. Mmoja wao alisema sokoni kwamba hata mume wangu alijua wakati wa kufa.

Hilo nimelisema haraka ili lipite. Koku, endelea.

Felisiani alikuja, hakukaa. Akasema, "Mama, funga kikapu. Ni wiki chache tu. Wakipeleka malalamiko wilayani watanifuta." Nikamwambia, "Baba yako hakufa kwa ajili ya uchaguzi, na hataacha kuliliwa kwa ajili ya uchaguzi." Akanitazama, akasema, "Lakini yeye ndiye aliyetaka nigombee."

Hapo alinishika. Nikifunga kikapu, nimekufukuza wewe nyumbani kwako. Nisipofunga, nimekuangushia mtoto. Nilikaa jikoni nikamenya ndizi za watu wawili, kama ninavyofanya bado, nikazila zote peke yangu.

Malalamiko yalifika wilayani. Mzee Sadiki akaja na mwenzake kuchunguza. Hajafungua mdomo kuuliza, mimi nimeshafungua kikapu. Akaitazama ile kahawa, akamtazama mwenzake.

"Ma Justa," akasema, "hii ndiyo kesi yenyewe."

"Mume wangu ulimjua?"

Akasema alikujua, mlikuwa mkisalimiana bandarini siku za kupakia ndizi.

"Basi tafuna. Au niambie hapa mkekani kwamba hukuja kunipa pole."

Alichukua, Baba Felisiani. Na mwenzake akachukua. Walitafuna wakiangalia mlangoni kama watu wanaoogopa mvua. Kisha Mzee Sadiki akasema hawezi kumfuta mtoto kwa ajili ya msiba wa baba yake, lakini maneno lazima yaishe. Mkutano wa hapa kwetu Kaagya ulikuwa bado. Nisimame pale mbele ya watu wote, wagombea wote wawili wakisikia, niseme mwenyewe kwamba kahawa ni kahawa na kura ni kura. Nikakubali. Niliona ndio mlango pekee: kikapu kibaki wazi, na mtoto abaki kwenye karatasi.

Zamani nikianza kusema mbele ya watu ulikuwa ukinivuta kanga kwa nyuma. "Justa, punguza." Neno hilo tu, na mimi nilikuwa nakasirika, halafu napunguza. Siku ile hakukuwa na wa kunivuta.

Nilisema hivi. "Kahawa mliyotafuna kwangu ni ya marehemu. Haina Nyumba ndani. Na kama yuko mtu anayeona kahawa ile inamfunga kwa mwanangu, namfungua leo. Aende akampe Jembe, na marehemu atamshukuru."

Walipiga makofi. Bartazari alipiga makofi hadi kofia ikamdondoka. Mzee Sadiki alitikisa kichwa kwa furaha, kesi imekwisha. Felisiani peke yake hakupiga. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Siku ya kura nilikwenda mapema, nikaitafuta ile nyumba ya pembe nne, nikaweka alama yangu. Wakahesabu. Huko kwingine kote Felisiani alikuwa mbele, na watu wa mjini wameshaanza kumpa mkono. Kisha likaja sanduku la Kaagya, kwao, alikozaliwa, alikofundisha kila mtoto anayejua kusoma. Ukiondoa sisi wa nyumbani, Jembe tupu. Kaagya ndiyo iliyomwangusha.

Sikuelewa. Nilidhani wameiba. Kesho yake wakaja wanawake watatu, Ma Paskazia mbele, wamevaa vizuri, wana furaha. Wakakaa mkekani.

"Ma Justa, tumekusikia," akasema Paskazia. "Sisi wote tuliotafuna tumempa Jembe."

Nikauliza, "Kwani Felisiani hamkumtaka?"

"Tulimtaka sana! Nani asiyemtaka Felisiani?" Akaniangalia kama vile mimi ndiye mgeni. "Lakini mjane umesimama, umetuagiza kwa jina la marehemu. Umesema atashukuru. Sasa tungemnyima marehemu?"

Na waliotafuna kwetu, Baba Felisiani, ni Kaagya nzima. Hakuna aliyebaki nje.

Nilitaka kumtukana. Maneno yalifika hapa kooni. Lakini alikuwa ametembea na mguu wake ule mbovu mpaka kituo cha kura, kwa ajili yako, akamnyima mtoto anayempenda, akarudi anachechemea ameridhika. Nikafungua kikapu, nikawapa. Ningefanya nini kingine?

Felisiani hakukanyaga hapa muda mrefu. Koku alikuwa ananiletea chumvi, anaiweka mlangoni, anaondoka. Anaandika hili na kalamu inakwaruza, nasikia. Andika, mwanangu, si uongo.

Juzi Paskazia alikutana na mwanao njiani akamweleza yote yeye mwenyewe, anasubiri shukrani. Felisiani alikaa chini pale barabarani akacheka mpaka watu wakasimama. Kisha akaja hapa. Hakuniamkia kwanza. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akasimama ulipolala, na nilipomfuata nilikuta kicheko kimeshageuka kitu kingine. Nikamwacha. Alipomaliza akajifuta, akasema, "Kumbe Kaagya hawakumchagua Bartazari, mama. Wamemchagua baba."

Nikamwambia, "Huyo ungemshinda wapi?"

Akala hapa. Ndizi nilizomenya zilitosha.

Anasema atagombea tena muda ukifika. Neno lako la kahawa na watu bado analo, hajalitupa. Hata Koku amesema atamshonea shati jipya, na hilo ameliandika mwenyewe bila kuambiwa.

Basi pumzika, mume wangu. Kibanja kiko salama, majani makavu nimeshayaondoa kwako, na ninalala vizuri siku nyingine. Nakuahidi kitu kimoja, Koku na Felisiani wakiwa mashahidi. Siku mwanao atakapochukua fomu tena, nitafunga nguo zangu, nitapanda basi niende kwa dada yangu huko Muleba, nitakaa huko kimya mpaka kura ya mwisho ihesabiwe. Sitasimama mkutanoni. Sitaulizwa, sitajibu.

Lakini nikisikia huko kwamba mtu amekutaja wewe vibaya ili apate kura, nitarudi Kaagya kwa miguu.

Mkeo,
Justa