Mstari wa Akaunti ya Baba

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia na macho hayakuumi. Mimi mzima, ni baridi tu ya huku inanikomoa.

Sasa sikia. Ile programu ya kukusomea nimeiunganisha na akaunti niliyokufungulia kwenye kampuni yetu. Ukielekeza kamera kwenye karatasi na kubonyeza, simu inatuma ombi kwenye mtambo wetu, na mtambo unakurudishia sauti. Akaunti ina kikomo cha maombi kwa kila saa. Ukikipita, sauti inanyamaza mpaka saa nyingine iingie. Ikinyamaza usibonyezebonyeze kwa hasira, maana hata ombi linalokataliwa linahesabiwa.

Kazi yangu unaijua: nakaa mbele ya kioo cha kompyuta mchana kutwa kuangalia mteja gani anakaribia kikomo chake. Wewe nimekuweka kwenye kona ya kioo hicho. Mstari unaoonyesha maombi yako ukipanda asubuhi, najua umeamka na unasoma gazeti. Hilo linanipa amani kuliko unavyofikiri.

Mwanao, kitinda mimba

11 Februari

Mama,

Marahaba. Kifua ni kilekile, kinakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Hapa nazungumza, simu inaandika; ikikosea, lawama ni zake.

Gazeti nasomewa, dawa nasomewa, juzi nimesomewa hata mfuko wa chumvi nikagundua una maneno mengi kuliko mimi. Mama Msusi, yule mpangaji wa chumba cha nyuma, anasema tangu sauti hii ije nimeacha kumsumbua, na sasa anaona upweke.

Kwa hiyo nachungwa. Haya. Miaka yote nimepima watu viuno kwa futi yangu, leo mwanangu ananipima mimi kwa mstari. Lakini likizo yako si ni Juni? Njoo ukae hata wiki moja. Nataka nikushike uso nijue umekonda kiasi gani, maana hilo hakuna wa kunisomea.

Baba yako, fundi

20 Mei

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Barua zangu hujibu siku hizi, na nikipiga simu anapokea Mama Msusi, mara umelala, mara uko bafuni. Ningeshaingiwa na wasiwasi kama si mstari wako.

Mstari wenyewe ndio unanitia aibu. Kila saa unafika kikomo kabla hata nusu yake haijapita, halafu maombi yanakataliwa moja baada ya jingine, na wewe unaendelea kubonyeza. Si nilikukanya? Mkuu wangu ameniita akaniuliza ni nani huyu asiyesikia. Nimembembeleza akuongezee kikomo, akakubali shingo upande. Unasoma nini hivyo, baba?

Ila nimefurahi kuona una nguvu. Kwa sababu hiyo likizo ya Juni nimemwachia mwenzangu, mke wake anajifungua. Nitakuja Desemba. Usininunie.

Kitinda wako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Leo nimeikalia akaunti yako kama ninavyozikalia za wateja ninaowashuku. Unachosoma siwezi kukiona, naona ukubwa wa kila ombi tu. Yote yanalingana. Ni karatasi moja inasomwa kutwa nzima, na Jumapili hakisomwi kitu. Wewe Jumapili ndiyo siku yako ya gazeti nene.

Nani ameshika simu yako? Baba, uko wapi?

Mwanao

5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mkono unaoandika ni wa Mama Msusi, maneno ni yangu.

Niko wodini tangu mwisho wa Aprili. Kifua kimejaa maji. Wanayatoa, yanarudi, na daktari ameacha kuniambia nitatoka lini. Niliogopa kwamba ukiona mstari umelala utatupa kazi uje kulia juu yangu. Nikamwachia Mama Msusi simu, nikamwambia abonyeze kidogo asubuhi na jioni, uone nimeamka. Yeye kwa huruma akazidisha. Aliweka pakiti ya dawa ya nywele chini ya kamera, na kila akimaliza msuko mmoja anabonyeza. Wateja wake wote wameikariri ile pakiti. Simu ilipogoma akadhani imeharibika, akabonyeza zaidi. Aliponisimulia nilicheka mpaka muuguzi akaja.

Kisha akanisomea barua yako ya Mei, pale uliposema umeiacha likizo kwa kuwa nina nguvu. Hapo sikucheka tena. Nilitaka upate amani, kumbe najinyima mwanangu.

Nimemwambia aizime. Kuanzia leo mstari utalala, usiutafute. Naumwa sana, mama. Njoo.

Baba yako

19 Julai

Dada yangu Mama Msusi,

Habari za nyumbani, na mikono yako ikoje? Mimi nilifika salama, na wiki hii nimerudi kazini.

Nakuomba uache kujilaumu. Ulifanya alichokuomba, na ukampa kitu cha kuchekea akiwa kitandani. Nashukuru hata kwa hizo siku chache nilizomkuta. Nilimsomea gazeti kwa mdomo wangu. Alilalamika kwamba nayaruka matangazo ya vifo, na kweli nilikuwa nayaruka. Uso wangu aliushika kila siku, akasema nimekonda, na siku ya mwisho akausahau mkono wake hapo shavuni.

Asubuhi ya leo mtambo umeleta taarifa kwamba kuna akaunti haijatumika muda mrefu, ifungwe. Ni ya baba. Kuzifunga ni kazi ya aliye zamu, na zamu ni yangu. Mwenzangu wa meza ya pili amekuja kuuliza kama anisaidie. Nimemwambia hapana, nitaifunga mwenyewe nikimaliza barua hii. Ndiyo maana naona bado nina mengi ya kukuuliza. Hujaniambia wateja wanaendeleaje, wala kama paa la chumba chako bado linavuja.

Mdogo wako