Pete za Ufito wa Baba

Michenzani, Unguja
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu Haroub,

Shikamoo kaka, na asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na wifi Ilham na watoto, na joto la huko limewahurumia kidogo. Sisi huku tupo, alhamdulillahi. Baba anakula, analala, anasali kwa kukaa, na ulimi wake hauna ugonjwa hata chembe. Mimi ni mzima wa mwili, ila nshachoka. Nakwambia mapema ili huko mbele usije ukashangaa ukiniona mkali.

Utajiuliza kwa nini barua, na simu zipo. Kaka, katika nyumba hii ya vyumba viwili simu haina siri. Nikikupigia, Baba anazima redio ili asikie vizuri. Na wewe nikianza kukueleza jambo zito unacheka, unasema Nadra nawe, kisha unauliza kama halua ilifika. Ilifika. Bi Bashira wa ghorofa ya chini anakuja huko kumtazama mwanawe, nimemwomba aibebe hii akupe mkononi.

Ule mzigo wako wa ufito wa kuvulia ulifika salama. Fikra yako niliipenda, sikufichi. Tangu Baba apatwe na kiharusi mkono wa kulia umelegea, hawezi tena kuvuta mshipi kwa mikono miwili kama alivyovua umri wake wote. Wewe ukaona watu huko wanavua ufukweni kwa ufito mwembamba, mkono mmoja ndio unaorusha na wa pili unashikilia mshipi tu, na ndoana yenyewe imevishwa manyoya, haina uzito, uzito wote umo kwenye mshipi. Ukasema Baba atasimama pwani ya Mtoni maji yakitoka, atavua mwenyewe. Ukaleta vipande vya ufito, mpini, pakiti mbili za pete za kupitishia mshipi, na vanishi ya kupaka juu ya uzi wa kuzifungia, ukaniambia mimi nnashona kofia, mikono yangu imezoea uzi, nichague pete zinazofaa nizifunge. Umesema kama mtu anayemtuma mwenziwe kuchagua vitunguu!

Na ulijua nilivyokuwa na haraka. Wakil ananingoja. Wazee wake wameshakuja kutaka tarehe, nikawaomba wasubiri, wakaja tena. Kazi yake ya mafriji iko Kendwa, na tukioana ndiko nitakakokaa. Baba kwenda kukaa kwa mkwewe hawezi, hilo hata halizungumzwi. Kwa hivyo nilimwambia Wakil kwamba siku Baba atakayoweza kushuka ngazi na ufito wake akaenda kuvua bila ya mtu, nitajua anaweza kukaa bila yangu, na siku hiyo nitatoa tarehe. Harusi yangu nikaifunga kwenye zile pete, kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaanza na zile nene, zenye duara la kauri ndani. Nzuri, zinateleza, zinang'ara, nikasema hizi ndizo. Nikazifunga zote, kubwa karibu na mpini na ndogo kuelekea nchani, uzi mzunguko kwa mzunguko, shingo inauma. Tukashuka na Baba kwenye uwanja wa chini baina ya majumba, nikafunga kijinyuzi cha sufi badala ya ndoana, akarusha kwa mkono wa kushoto. Watu wakatoka barazani kutazama. Baba alirusha kidogo tu akanipa ufito, akasema nimefunga kufuli kwenye ncha. Nami nilipoutikisa nikaona kweli, ufito ulikuwa mzito mbele, unayumba na kuchelewa kurudi. Kila pete nene ina miguu miwili, na kila mguu unataka uzi wake na vanishi yake, na uzito wote huo unakaa pale pale pasipotaka uzito. Nikazifungua.

Nikatia za pakiti ya pili, za waya mwembamba zenye mguu mmoja. Ufito ukawa mwepesi, ukaamka. Baba akasema sasa mshipi unapiga ufito, pete ni chache mno, zimeachana. Kweli tena. Nikaongeza, nikazisogeza, nikaukunja ufito na kutazama mshipi unafuata wapi mpinde wake, nikarekebisha mpaka ukafuata. Siku hiyo Baba alirusha mpaka karibu na ule mnazi mfupi. Bi Bashira akapiga kigelegele dirishani kwake. Mimi moyoni nikahesabu imekwisha, bado vanishi tu.

Basi hapo ndipo taabu ilipoanza. Asubuhi yake Baba akasema pete ya tatu inalia. Inalia nini, waya? Nikaibadilisha. Kisha pete zikawa hazitazamani. Kisha uzi ukaanza kufunguka. Nikirudi sokoni nakuta mwisho wa uzi umetoka, pete inacheza. Nikafunga upya, ukafunguka. Kaka, mimi nimeshona vitobo vya kofia tangu sijavunja ungo, haijapata kunirudia kofia hata moja. Nikaanza kuamini macho yangu yamekufa, au mtu kanifanyia kitu. Wiki zikapita. Wakil akaja, mpole kama kawaida yake, lakini safari hii akasema tangu azaliwe hajasikia harusi iliyozuiliwa na vipete vya mshipi, na kama simtaki nimwambie tu. Nililia alipoondoka. Baba alinisikia.

Jumatano nilikwenda Darajani kupeleka kofia, nikakuta duka limefungwa, nikarudi mapema. Nilivua viatu mlangoni kama kawaida. Baba alikuwa amekaa kitandani, ufito kauweka baina ya magoti, sindano yangu katika mkono wa kushoto, anachokoa uzi. Na unajua uzi ameushika kwa mkono gani? Wa kulia, Haroub! Ule usioweza kushika kikombe cha chai. Anauvuta taratibu na kuuzungusha kwenye njiti ya kibiriti, vizuri kabisa, hata mimi sikunji vile.

Nilimwita. Akaitika naam, kama aliyetumwa maji. Hakuficha kitu. Nilipiga kelele, nakiri, na Mungu anisamehe, sijapata kumpigia Baba kelele. Aliningoja nimalize. Kisha akaniambia ufito ulikuwa mzuri tangu siku ya mnazi, pete zimekaa mahala pake na hajapata kushika kitu chepesi kama kile. Akasema baba hawezi kumwambia mwanawe asiolewe, ni aibu na ni dhambi, na yeye hataki nisiolewe. Lakini kosa la pete anaweza kulisema. Kila akilisema, anapata wiki nyengine ya kuniamsha kwa ajili ya alfajiri na kunisikia nikigombana na jiko. Alisema anaogopa nyumba ikiwa kimya. Baba yetu, Haroub, aliyelala baharini peke yake miaka yote ile, ananiambia mimi kwamba anaogopa.

Nilitaka kumwambia nitabaki. Neno lilinifika mdomoni, nikalimeza.

Nikakaa kitako nikafunga pete upya. Sikumwomba kitu. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akaushika uzi ukakaza, mimi nikawa nauzungusha ufito. Tukazifunga zote hivyo. Kisha nikachanganya ile vanishi yako, ile ikishakauka hakuna tena kufungua ila ukate, nikazipaka. Lazima ufito ugeuzwegeuzwe mpaka ikauke, la sivyo inachuruzika. Niliingia jikoni. Nilipotoka nilimkuta Baba anaugeuza, polepole, na aliugeuza mpaka ilipoadhiniwa magharibi.

Kwa hivyo ufito umekwisha, na sikungoja tena Baba aende kuvua, wazee wa Wakil wameshapewa tarehe. Ni mfungo mosi, wiki ya pili baada ya Idi. Baba mwenyewe ndiye aliyewatajia.

Sasa nisikilize, kaka, na usicheke. Usitume kitu. Usitume ufito, wala halua, wala kiti cha magurudumu. Mimi pete nimezichagua. Hili jengine ni lako. Njoo, na usije kwa siku za harusi tu. Chumba chako nimekifagia, kofia zangu nimezitoa.

Nisalimie wifi Ilham na wabusu watoto. Bi Bashira atakueleza mengine, na mengine atayatia chumvi, unamjua. Baba anakusalimu. Ndani ya bahasha kuna ile njiti ya kibiriti na uzi wote alioufungua, alikuwa akiuweka chini ya mto. Amesema nikupe wewe, na kwamba ukirudi nao, wa kukushikia utampata, mkono wake wa kulia upo.

Mdogo wako aliyechoka,
Nadra