Mkono Ulioinuliwa Bila Sauti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla hofu haijaniamulia jambo ambalo ni wajibu wangu kuliamua mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa uraia katika shule ya msingi, na kwa kuwa kitabu chetu cha kiada kinaieleza serikali kana kwamba ni mashine isiyo na watu ndani yake, mwaka huu nilianza kuwaonyesha wanafunzi wangu wa darasa la mwisho video za vikao vya baraza letu la madiwani, ambazo baraza lenyewe huzirekodi na kuziweka mtandaoni bure ili mwananchi yeyote azitazame bila kuomba ruhusa ya mtu, na nikajiwekea utaratibu ambao hadi majuzi niliuonea fahari: tunatazama kwanza bila sauti, ili watoto waone nani anakaa wapi, nani humwomba nani nafasi ya kusema na kura hupigwa vipi, wasije wakatekwa na ufasaha wa msemaji kabla hawajaiona kazi yake, kisha tunarudia kwa sauti na kulinganisha tulichodhani na kilichosemwa.

Wiki iliyopita nilichagua kikao kilichojadili kufungwa kwa wodi ya uzazi ya zahanati ya mtaa wetu, kwa sababu hakuna mtoto asiyelijua jambo hilo, mama zao na dada zao sasa hutafuta gari la kuwapeleka mbali wakiwa tayari na uchungu, na kwa haraka ya maandalizi nilikagua mwanzo wa video tu, nikaridhika kwamba picha ni safi. Lazima nikueleze kwamba diwani wetu ni fundi seremala wa zamani ambaye mtaa mzima unamwita Randa, kwamba baada ya kikao kile alisimama mbele ya watu akaapa kuwa aliipinga hoja hadi mwisho, kwamba ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, na kwamba binti yake yuko darasani kwangu, dawati la mbele.

Kamera ya baraza hukaa nyuma ya ukumbi, kwa hiyo kura ilipoitishwa tuliona visogo na mikono tu, na katikati ya mikono hiyo, umeinuliwa wima bila kusita, ulikuwamo mkono ambao kidole chake cha shahada kimeishia kwenye kifundo, kidole kile kile ambacho msumeno ulikikata zamani na ambacho Randa huwatikisia watoto kila anapokuja kuwahimiza wasome. Msichana mmoja akauliza taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Kile si kidole cha Randa?" Mwenzake akamjibu, "Basi ndiye aliyetufungia." Kengele ikalia, watoto wakatoka, nami sikupata nafasi ya kurudia kwa sauti, na tangu siku hiyo, nikuambie kweli, sijathubutu hata kuifungua kompyuta ile, maana kila nikiigusa naona mkono ule unanyooka.

Mchana huo binti wa Randa alinifuata ofisini kwa walimu, akasimama mlangoni hadi wenzangu walipotoka, akaniomba nisiionyeshe tena, nami nikadhani anaogopa kipigo, nikamuuliza kwa upole, naye akanijibu kwa sauti ya mtu mzima: "Baba hanipigi, mwalimu. Ninachoogopa ni kwamba nitamuuliza, atanidanganya, na mimi nitajua."

Sasa Ijumaa ijayo ni siku ya wazazi, na mwalimu mkuu alikwisha kutangaza kwamba darasa langu litaonyesha mbele ya wageni jinsi tunavyojifunza uraia kwa video, na mgeni rasmi ni Randa mwenyewe. Nilipomweleza mwalimu mkuu, alifunga dirisha kwanza, kisha akanishauri nitafute kikao cha bunge la nchi ya mbali, huko wapige kura wanavyotaka, hatuna jamaa. Mwalimu wa hisabati alicheka akasema kufundisha uraia ni kama kufundisha kuogelea, mradi usiwafikishe watoto majini. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme, anasema niseme projekta imeungua, na kama naona haya kusema uongo yuko tayari kuiunguza kwa haki. Nilicheka nao, lakini juzi jioni Randa alinikuta langoni, akasimamisha gari lake, akateremsha kioo, akaniambia tu, "Mwalimu, nasikia siku hizi mna sinema," akatabasamu na kwenda zake, na tangu hapo nikisikia gari limepunguza mwendo karibu na nyumba yetu naacha ninachokifanya na kusubiri lipite. Sijathibitishwa kazini, na jina langu litapita mezani kwake. Niifute video ile katika kompyuta ya shule? Nimwondoe binti katika onyesho? Au niugue Ijumaa?

Ni mimi, mwalimu aliyepoteza usingizi.

*

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja, wala sikuiona: sentensi inayosema kwamba umerudi kusikiliza. Umenieleza kidole, kioo cha gari, dirisha la mwalimu mkuu na mizaha ya mumeo, lakini hujanieleza mwenyekiti wa baraza aliuliza nini mkono ule ulipoinuka. Huwezi kunieleza, kwa sababu hujui.

Hofu yako siibezi. Mtu anayeweza kukunyima kazi anapokutabasamia kupitia kioo cha gari, anayetetemeka si mjinga. Ila umezichanganya hofu mbili katika chungu kimoja. Unamwogopa Randa, na hilo lina sababu. Unaiogopa pia video, na hilo halikufai wewe kuliko mtu mwingine yeyote, kwani ni wewe uliyewafundisha watoto kwamba anayetaka kujua serikali yake haishii kwenye maneno ya mtaani, huenda kwenye chanzo. Ulipofika kwenye chanzo ukasimama mlangoni.

Unajua, au ulipaswa kujua, kwamba baraza halipigi kura moja. Kabla hoja haijaamuliwa, wajumbe wanaweza kuulizwa kama mjadala uahirishwe, kama hoja irekebishwe, kama mjadala ufungwe, ndipo huulizwa juu ya hoja yenyewe. Mkono ni ule ule kwa maswali yote. Huenda Randa aliafiki kuifunga wodi kisha akaapa uongo. Huenda aliafiki kuahirisha, jambo ambalo mpingaji wa hoja angeliinulia mikono yote miwili. Sijui, na si kazi yangu kukutazamia. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Lakini wewe hukusikia lililosemwa, uliona lililoinuliwa, na ukawaacha watoto waende nyumbani wakiwa na hukumu.

Kutazama bila sauti ni njia nzuri ya kufundisha, wala usiiache kwa sababu ya siku moja. Kosa lako ni kukatiza somo nusu, kisha kuona nusu hiyo inatisha na kuiita nzima.

Usiifute video. Haitafutika huko iliko, na utakuwa umewafundisha watoto somo la uraia ambalo halimo katika mtaala wowote. Usiugue Ijumaa. Na mumeo mwambie aiache projekta ipumzike. Ni mali ya shule.

Kaa leo, peke yako, usikilize kikao chote tangu kufunguliwa hadi kuahirishwa. Ukishajua, wa kwanza kuambiwa ni binti, faraghani, kabla ya darasa na kabla ya mwalimu mkuu. Mwambie ulichokisikia bila kukipamba wala kukipunguza, umruhusu asisimame Ijumaa, na akitaka kusimama usimzuie.

Kisha nenda kwa baba yake, mchana, ofisini, ukiwa na mwalimu mkuu, apende asipende. Mwalimu mkuu ndiye aliyelitangaza onyesho hilo kwa kinywa chake, na alibebe. Sema maneno machache: Ijumaa tutaonyesha sehemu hii ya kikao chenu, pamoja na sauti, na watoto watakuwa na maswali. Usimtuhumu, usimwombe radhi. Kabla hujaenda, wajulishe viongozi wa chama chenu cha walimu kwamba unakwenda na kwa nini. Randa akikutisha, mjibu kwamba video hukuirekodi wewe. Baraza lake ndilo lililoiweka hadharani ili itazamwe, nawe umeitazama.

Ikiwa aliafiki kufunga wodi, unampa siku hizi chache akiri mwenyewe kwa mwanawe, nyumbani kwao, kabla ukuta wa ukumbi haujasema mbele ya wageni. Huo ni wema mkubwa kuliko kumfichia. Ikiwa hakuafiki, basi darasa zima limemhukumu mtu asiye na kosa, na ni juu yako kusimama mbele ya watoto wale wale, kwenye skrini ile ile, kuwaambia mlikosea na wewe ndiye uliyewakosesha. Hilo lisisubiri Ijumaa. Lifanyike siku utakayojua.

Siwezi kukuahidi kwamba utathibitishwa kazini. Anayekuahidi hilo anakuuzia usingizi.

Lakini rudi kwenye maneno ya yule binti. Anaogopa kwamba baba yake atamdanganya, naye atajua. Kwa sasa hajui kitu, na anabeba kutojua huko kila jioni hadi mezani kwa baba yake, kwa sababu mwalimu wake anaogopa kubonyeza kitufe kimoja.

Washa sauti.