Jiwe Lako Juu ya Meza ya Kukatia Nguo

Mpendwa Baba,

Salamu za afya naziruka. Ya kwako ilikwisha zamani, na yangu haina habari mpya: magoti, macho, na sindano ya mashine inayonichoma kidole kilekile. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi ya wiki iliyopita umeonekana Amerika. Usicheke. Wewe ambaye hata kwenda kumzika mama yako ulihitaji karatasi ya ruhusa kutoka kwa mzungu wa kambi ya mgodi, umeingia kwenye historia ya Marekani bila mtu kukuuliza pasipoti. Na aliyekukuta huko ni kitukuu chako, mezani kwangu, hapa Yeoville, Johannesburg, chai ikiwa bado ya moto.

Akili bado iko huko. Asubuhi hii nimekata gauni la mteja, na sasa lina mikono miwili, yote ya kushoto.

Nianze na Naomi, maana humjui. Ni mtoto wa binti yangu, yule anayesuka nywele. Ana miaka kumi na tano. Kiswahili anakisikia chote, lakini akijibu anajibu kwa Kiingereza, ambacho hapa nakutafsiria, na akikasirika kwa Kizulu. Neno letu moja tu halijamponyoka: ananiita Nkambo, kama sisi tulivyomwita mama yako. Shuleni kwao waliingia kwenye shindano la chemshabongo la mtandaoni. Wanafunzi wa nchi mbalimbali wanapewa mafumbo ya historia ya Marekani: picha iliyokatwa vipande, ramani isiyo na majina, vijumba vya kujaza herufi. Ukipata jibu, mlango unafunguka na unaingia kwenye fumbo linalofuata. Nilimuuliza kwa nini Marekani, wakati historia ya hapahapa, ukivuka robot mbili tu, hizi taa za barabarani, bado haijawaisha watu vinywani.

"Ndiyo shindano lililopo, Nkambo," akasema. Jibu la mtu mzima.

Mwenzake kikosini ni Lerato, msichana wa Alexandra, ambaye kila Jumamosi anapanda teksi mbili kuja kwetu kwa sababu kwangu kuna meza kubwa. Ndiyo meza ya kukatia nguo. Wao na kompyuta upande mmoja, mimi na mkasi upande wa pili, na katikati jiwe lako, linashikilia kitambaa kisiteleze. Nitalirudia hilo jiwe.

Unakumbuka masista walinifikisha darasa la tatu, kusoma kidogo na kushona sana. Yaliyobaki nimejifundisha kwenye magazeti ninayochorea vipimo vya nguo. Siyakati kabla sijayasoma. Kwa hiyo marais wao kadhaa nawajua, ingawa mmoja namjua bila kichwa, shingo ya blauzi ilipita hapo. Wasichana walikuwa hawanihesabu, mpaka wiki ya tatu walipokwama kwenye picha ya kimashine chenye meno. Lerato alisema ni cha kusagia nyama. Nikawaambia kinatoa mbegu kwenye pamba, na kwamba nyuma yake kuna watumwa wengi kuliko picha inavyotaka kuonyesha. Wakaandika, mlango ukafunguka. Toka siku ile nikapandishwa cheo, kutoka mpika chai hadi mwanakikosi asiyeandikishwa.

Jumamosi ile walifika fumbo la mwisho. Swali lilikuwa fupi: bila jiwe la mahali hapa, Marekani isingetengeneza bomu lake la kwanza la nyuklia, taja mahali. Vijumba kumi na moja. Na picha katika vipande ya kupanga. Wasichana walijaribu majina ya majangwa yao yote kule Amerika, mlango ukakataa. Kisha wakapanga picha. Mimi nilikuwa nimeinama, napima kiuno cha gauni la harusi la Mama Furaha, ambacho hakipungui hata nikikipima kwa imani.

Nikainua macho.

Baba, lilikuwa lile shimo. Lile shimo la ngazi ngazi, kama kiti cha mfalme kilichofukuliwa ardhini, na wanaume wadogo kama mchwa, kila mmoja na gunia. Na nyuma kilima chetu, kile kilichoumwa upande mmoja.

"Shinkolobwe," nikasema. Sikusema kujibu. Nilisema kama mtu anayeitwa na kuitika.

"Gogo, what? Rudia," Lerato akasema, vidole tayari. Gogo ndiyo Nkambo ya kwao. "Herufi moja moja, tafadhali."

Nikamtajia. Kumi na moja. Mlango ukafunguka, wasichana wakapiga kelele, wakakumbatiana, kiti kikaanguka. Naomi akaanza kusoma maelezo kwa sauti, bado anacheka. Kwamba mgodi ulikuwa Kongo ya Wabelgiji. Kwamba jiwe lilipelekwa Amerika wakati wa vita kwa siri. Kwamba ndilo lililotengeneza bomu lililoangushwa juu ya mji wa Japani, na watu wakaungua wakiwa wanakwenda kazini na shuleni. Kicheko chake kikawa kinapungua neno kwa neno. Kisha akasoma kwamba waliolichimba walilibeba kwa mikono, na kwamba jiwe lile lina mionzi, na mionzi inamla mtu kutoka ndani, polepole, mtoto kuliko mkubwa.

"Nkambo. Si wewe ulisema baba yako alichimba dawa?"

Ndivyo ulivyosema, Baba. Sikukuzulia. "Njo dawa ile, mama," ulikuwa ukiniambia kwa Kiswahili chetu cha kambini, ukiniita mama kama kawaida yako. "Tunachimbaka dawa. Kule Ulaya wagonjwa banaponaka nayo." Na mimi nikatembea kambini kifua mbele, mtoto wa mchimba dawa, nikiwadharau watoto wa wachimba shaba kama watu wa biashara ndogondogo.

Halafu macho yetu sote watatu yakateremka mezani.

Jiwe lako lilikuwa limekaa pale pale, jeusi, na ule mshipa wake wa manjano, laini kama sabuni iliyotumika nusu, juu ya kiuno cha Mama Furaha. Lerato akasogeza kiti nyuma mpaka ukutani. "Eish, Gogo," akasema kwa sauti ndogo. "Eish."

Nikuambie jiwe hilo limeishi vipi nasi. Nimelitoa kwetu Likasi limefungwa ndani ya kanga, nikavuka nalo Zambia na Zimbabwe, nikaacha sufuria nzuri kwa ajili yake. Limeshikilia kila nguo niliyokata katika mji huu. Lakini si hilo lililonitisha. Naomi alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa siku tatu. Hospitali walitupa dawa yao, na mimi nikaongeza yetu. Nililiweka jiwe chini ya mto wake. Nikamwambia, hii ni dawa aliyochimba babu yako mkubwa. Akalilalia siku tatu, mkono wake mdogo juu yake, na homa ilipotoka alikataa kulirudisha, akalilalia mwezi mzima.

Naomi hakuwa amesahau. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akanisemesha kwa Kiswahili kitupu, kama mtu anayevua viatu.

"Nkambo, nitaugua?"

Mimi, ambaye nina jibu hata la mambo ambayo sijaulizwa, nikaenda jikoni kutafuta sufuria.

Tuliliweka jiwe kwenye sufuria, tukafunika kifuniko, tukaweka uani, juu yake tofali. Jirani akauliza napika nini, nikamwambia maharage magumu. Siku nne zile sikukuita Baba. Nakiri. Nilikuita "yule mtu". Nilikuwa nakata kitambaa nakuuliza kimoyomoyo: yule mtu alimpa mwanawe sumu, akaiita dawa, na mwanawe akaipeleka mpaka kwenye mto wa mtoto. Naomi alikuwa akisimama mbele ya kioo akijishika shingo, akitafuta uvimbe. Akiniona anajifanya anachana nywele.

Jumatano mwalimu wao wa fizikia, Bwana Mokoena, akaja na kipima mionzi cha shule, kimashine cha ukubwa wa redio ndogo. Alikuwa kijana wa heshima, alivua kofia mbele ya sufuria. Kwanza alikiwasha mlangoni tusikie: tik, kimya, tik. Akasema hewa yenyewe inalia hivyo, kila mahali, tusiogope. Tukatoka uani. Akaondoa tofali. Akaondoa kifuniko. Naomi alikuwa amenishika mkono pale penye kovu la pasi, akaminya.

Tik. Kimya. Tik.

Bwana Mokoena akakisogeza karibu, akaligusa jiwe nacho. Tik. Kimya. Akaligeuza jiwe, akaangalia kimashine, akakipigapiga kama mimi ninavyopiga mashine yangu ikigoma. Mwisho akalishika kwa mkono mtupu.

"Hakuna kitu hapa, Gogo. Ni jiwe tu. Tena angalieni lilivyo laini. La mgodini lina kingo kali, hili limesuguliwa na maji miaka na miaka. Hili limetoka mtoni."

Naomi akacheka na kulia kwa pamoja, akaenda kumpigia Lerato simu. Mimi nikakaa, bila kuangalia, juu ya kiti chenye pini, na sikusikia pini.

Mtoni.

Ndipo nilipokuona, Baba. Nikakuona vizuri kuliko nilivyokuona nikiwa na macho ya kutosha. Nilikuwa na miaka saba. Watoto wengi pale kambini walikuwa na jiwe la baba yao. Rafiki yangu Agnès alikuwa na la manjano kabisa, akilisugua anapata unga, anajipaka mashavuni, anapendeza kama sanamu ya kanisani. Nilikulilia jiwe kila siku. Ukakataa kila siku. Mama akasema, mpe mtoto jiwe, kwani ni almasi? Kisha Jumapili moja ukarudi nalo, ukaniwekea kiganjani, suruali yako imelowa mpaka magotini. "Njo dawa, mama. Yako peke yako. Usichukue ya Agnès." Nilidhani umenyeshewa. Miaka sitini nimedhani umenyeshewa. Ilikuwa kiangazi, Baba. Hakukuwa na wingu.

Na yale mengine yakaja yenyewe, kama uzi unaovutwa. Ulivyokuwa ukitoka kazini huingii. Unasimama kwenye bomba la nje, unanawa uso, shingo, mikono mpaka mabegani, unavua ovaroli na kuifua wewe mwenyewe, wanawake wa kambi wanakucheka, mwanaume gani anafua. Unaianika peke yake, mbali na nguo zetu. Nikikimbia kukukumbatia unainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Ngoja, mama. Ngoja kwanza ninawe." Nilidhani baba yangu ana maringo.

Ulijua.

Sijui ulijua nini. Sijui kama mzungu alikunong'oneza, au uliona wenzako wakikohoa ukajumlisha mwenyewe, bila gazeti, bila darasa hata la tatu. Lakini mtu hafui ovaroli miaka yote ile kwa kutojua. Na hapo ndipo shukrani yangu inapokwama, maana baba yake Agnès alikuwa rafiki yako, mlikunywa pamoja kila mwisho wa wiki. Je, yeye ulimwambia? Agnès hakufika kuolewa. Pale kambini mtu alikufa kwa homa, basi, hakuna aliyeuliza homa gani. Au ulisema mara moja mahali fulani, ukaonyeshwa mlango? Wewe mwenyewe uliondoka duniani na kikohozi ambacho mama alikiita cha baridi. Nakuuliza, na najua hutajibu. Hata ulipokuwa hai ulikuwa mtu wa maneno machache.

Jana Jumamosi Lerato amerudi, kiti chake amekisogeza karibu na meza kama zamani. Baada ya fumbo la mwisho kulikuwa na kijumba kimoja kikubwa, kila kikosi kiandike jambo moja ambalo fumbo halikusema. Naomi akaniangalia.

"Nkambo, niandike kwamba waliambiwa ni dawa?"

"Andika."

"Niandike kwamba babu alijua?"

Lerato akaacha kutafuna. Mtu akishaandikwa huko, Baba, anabaki huko, na wewe huna mdomo wa kujitetea.

"Andika kwamba alikuwa ananawa kabla ya kumshika mtoto wake," nikasema. "Na jina lake."

Akaandika. Kuna herufi aliikosea, nikamrekebisha, na hilo likawa somo langu la mwisho la historia ya Marekani. Kama watashinda au hawatashinda, sijali tena. Lerato anajali kwa niaba yetu sote.

Jiwe limerudi mezani. Kiuno cha Mama Furaha kimetulia chini yake. Naomi akipita analigusa kwa kidole, haraka, kama mtu anayemsalimu mzee.

Bado nina maswali, na nitakuja nayo mwenyewe, magoti yakishachoka kabisa. Ukiniona nakuja usiinue mikono juu. Umenawa vya kutosha. Funga bomba, Baba. Ingia ndani.

Binti yako,
yule uliyeingia mtoni kwa ajili yake